Shimba na Gari Lisilonguruma

Mdogo wangu Shimba ana mke mmoja wa ndoa, ila wifi yangu Evelina atakwambia kwamba ana mke mwenza. Mke mwenza mwenyewe ni mweusi, ana viti vya ngozi, analala chini ya turubai uani kwao Buzuruga, na anaogeshwa kila asubuhi kabla watu wa nyumba hawajanawa uso. Ni Benzi la petroli la mwaka 2001, silinda nane. Evelina akikasirika humwambia mumewe, "Nenda kalale na injini yako," na Shimba, ambaye hana ubishi na mtu, huchukua mto kweli na kwenda.

Mimi ni dada yake mkubwa, Paskazia. Nauza dagaa mwaloni Kirumba, pale mitumbwi inaposhusha samaki, nimezaa saba, na sina tabia ya kupaka maneno asali. Nasema mapema ili usije ukalalamika huko mbele.

Shimba alianza udereva ujana wake, akimwendesha meneja wa kiwanda cha samaki. Meneja alipomaliza mkataba na kurudi kwao alimwachia lile gari kwa bei ya kuagana, na sisi sote tukadhani ataliuza. Hakuliuza. Mwezi huohuo binti wa jirani alikuwa anaolewa, na gari walilokodi halikutokea. Saa nne, saa tano, bibi harusi yuko kibarazani, jasho linamwosha poda. Shimba akavaa shati jeupe, akatoa Benzi, akampeleka kanisani. Tangu siku hiyo hajafanya kazi nyingine. Miaka ishirini na kitu sasa, kuanzia Igoma mpaka Nyamanoro, wapo wanaokwambia hukuolewa vizuri kama hukubebwa na Shimba.

Na ana masharti, maana mtu huyu ni mpole, ila akishika usukani anakuwa askofu. Haruhusu karanga garini. Haruhusu soda. Mpiga picha akitoa kichwa dirishani, gari linasimama mpaka kichwa kirudi ndani. Enzi za kivuko, kabla ya daraja, alipokuwa akivusha maharusi kwenda Sengerema, foleni ya Kigongo ilimkuta mara nyingi, naye alikaa humo humo ndani na suti yake, hakushuka hata kununua maji. Alisema dereva wa bibi harusi hashuki kabla ya bibi harusi. Nilimwuliza sheria hiyo imeandikwa wapi, akachukua kitambaa akafuta kioo.

Lakini kilichompa jina ni ule mngurumo. Mtaa wetu uko kilimani, kati ya mawe, na Benzi likianza kupanda unalisikia kutoka barabara kuu. Halipigi kelele, tusilisingizie. Linanguruma chinichini, kama mzee anayesafisha koo kabla ya kusema neno la maana. Akina mama huacha kuchambua mchele wakaulizana, "Shimba huyo. Leo nani anaolewa?" Kwetu ndoa hujulikana kwa sikio kwanza, macho yanafuata.

Sasa kulikuwa na kitu kimoja alichokuwa akikisema tangu binti yake wa mwisho, Selina, yuko darasa la tatu. "Huyu nitambeba mwenyewe." Basi, haongezi neno. Dada zake Selina wawili waliolewa mbali, mmoja Dar, mmoja Shinyanga, wakabebwa na magari ya watu, na baba yao akaenda harusini kwenye basi la ndugu, ameshika magoti njia nzima. Alibaki na Selina tu. Mtu akiwa na ombi moja tu maishani, nyinyi mlio karibu naye mnalijua kama mnavyojua jina lake.

Selina akampata Okal. Kijana wa Shirati, ukoo wa wavuvi, yeye mwenyewe fundi umeme, mrefu, mkimya, anayekula ugali kwa adabu. Tulimpenda bila kupigiwa debe. Tabu ilianza familia yake ilipotuma ujumbe kwamba gari la bibi harusi lisituumize kichwa, wao wanalo. Kaka yake Okal, anaitwa Owiti, yuko Dar kwenye kampuni inayoingiza magari ya umeme, na angeleta la kwake, jipya, la kifahari, rangi ya maziwa.

Shimba aliposikia aliweka tonge chini. "La umeme," alisema. "Kama pasi."

"Kama pasi," Evelina akamjibu, "na pasi ndiyo inayonyoosha suti yako."

Gari lilifika wiki mbili kabla ya harusi, limekaa juu ya lori. Shimba alilifurahia sana lile lori. Siku nzima alikuwa akiuliza kila anayepita, "Gari gani hilo linalobebwa?" Hata hivyo jioni tukaenda wote kulitazama kwa Okal, Nyakato. Sitakudanganya, lilikuwa zuri. Vitasa vyake vimezama ndani ya milango, ukisogea vinatoka vyenyewe kukusalimia. Ndani kuna kioo kikubwa kama televisheni ya baa. Shimba alilizunguka mara tatu, mikono nyuma. Halafu akaomba boneti ifunguliwe. Owiti akabonyeza mahali, boneti ikainuka, na ndani hamna kitu. Kuna uwazi uliotandikwa zulia, na mwavuli mmoja.

Shimba akainama, akatazama, akainuka, akainama tena. "Kijana," akamwambia Owiti kwa huruma ya kweli, "wamekuibia injini."

Tulicheka mpaka majirani wakatoka. Owiti, ambaye ana heshima zake, akamweleza kwamba mota ziko huku chini, betri imelala sakafuni, na usiku unalichomeka ukutani kama simu.

"Na oili?"

"Halitumii, baba."

"Plagi?"

"Hakuna."

"Rejeta ya maji?"

"Baba, humu ukiondoa mwavuli, huna cha kugusa."

Nikamwona mdogo wangu anasikitika. Hakulisikitikia gari, alimsikitikia Owiti, mtu mzima na ndevu zake, asiye na kitu cha kufungua na kufunga Jumamosi asubuhi.

Kwenye kamati ya harusi ndipo moto ulipowaka. Upande wao alikuja shangazi yake Okal, mama mmoja anaitwa Agutu, mfupi, mwenye sauti ya kuitia mtumbwi ulio katikati ya ziwa. Alisimama akasema bibi harusi huchukuliwa na upande wa bwana harusi, kwa gari la bwana harusi, na hajaona popote mzigo uliolipiwa ukijipeleka wenyewe. Nami nikasimama. Nikasema binti yetu si furushi, ana baba, na baba ana gari. Mwenyekiti alikuwa mtu wa watu, anapenda amani na alikuwa na njaa. Akasema jambo hili litapimwa. Magari yote mawili yaende Busisi na kurudi, Paskazia na Agutu wapande yote, kisha Paskazia aseme, kwa kuwa hajawahi kuficha neno hata pale ilipotakiwa. Agutu akakubali. Nadhani alitaka kutembea.

Tukaondoka Jumapili baada ya misa. Kwenda tulipanda Benzi. Wewe kama hujawahi kupanda Benzi la Shimba, nikueleze. Mlango unajifunga kwa sauti nzito, dup, na dunia inabaki nje. Kiti kinakupokea kama kilikuwa kinakungoja. Kuna harufu ya ngozi na petroli kidogo, na ule ubao wa mbele unang'aa mpaka unajiona. Tulipita Buhongwa na Usagara, na kila mahali watu waligeuka, wengine wakatupungia, wakidhani mimi au Agutu mmoja wetu anaolewa. Agutu akaanza kupunga naye. Mlima ukija, injini inashusha pumzi, inajikusanya, unasikia kabisa kwamba kuna mnyama anafanya kazi kwa ajili yako. Pale Kigongo tukaingia darajani, maji kushoto, maji kulia, na kabla sijamaliza kumsimulia Agutu siku niliyolala pale kwenye foleni ya kivuko na ndoo tatu za dagaa, tukawa tumefika Busisi.

Tukanywa maji, tukahamia la Owiti.

Hapo naomba nisiseme uongo mbele ya Mungu. Lile gari halikuondoka, liliteleza tu. Nilikuwa bado nauliza tunaondoka lini, nikaona daraja linapita. Hakuna mtetemo, hakuna mngurumo, unasikia matairi tu na upepo. Baridi yake ni ya taratibu, haikupigi usoni. Kiti kilinikanda mgongo, kwa kweli, Owiti alibonyeza kile kioo na kiti kikaanza kunikanda, nami nikaanza kusema Mwenyezi Mungu. Halafu kabla ya Usagara kulikuwa na lori la pamba mbele yetu. La Shimba likitaka kupita lori hujiandaa, hunguruma, huomba njia. La Owiti lilikuwa nyuma ya lori, mara liko mbele ya lori, na kichwa changu kimebaki kwenye kiti. Nikawataja watakatifu wote ninaowajua na wawili nisiowajua. Agutu alikuwa anacheka na kupiga makofi kama mtoto.

Jioni kamati ikakaa, nikasimama nikatoa hukumu. Nilisema kwa mgongo wangu, la umeme limeshinda, wala halikushinda kidogo. Kwa utulivu limeshinda. Kwa nguvu limeshinda, na mwenye kubisha akamuulize dereva wa lori. Kwa safari ndefu nampa Shimba, maana ukijaza tangi unakwenda Shirati na kurudi bila kumwomba mtu, wakati la Owiti lazima kwanza ujue unalala kwa nani, na kama umeme wake haukatiki. Owiti akakubali kwa kichwa. "Lakini," nikasema, "harusi si mgongo. Gari la harusi lazima lisikike. Hili la umeme halisikiki kabisa. Litapita mtaani kwetu kama mwizi wa kuku, na hakuna atakayejua kwamba binti wa Shimba ameolewa. Mimi natoa ushindi kwa Benzi."

Upande wetu vigelegele. Agutu akanyoosha mkono, akatulia mpaka tukanyamaza. "Debe tupu haliachi kuvuma," akasema. "Simba mwendapole ndiye mla nyama."

Usiku ule tungekesha. Aliyetuokoa ni Agutu mwenyewe, kwa kuutaja mlango. Katika ukoo wetu, wageni wakija kumchukua binti, mashangazi hufunga mlango. Wao husimama nje, wakaimba, wakabembeleza, na shangazi mwenye ufunguo akitaja sharti lake, sharti hilo halikataliwi. Ila wakikuta mlango haujafungwa wakaingia, basi, shangazi kazembea na hana la kudai tena. "Mlango uamue," alisema Agutu. "Dada Paskazia akiuwahi, binti apande Benzi. Asipouwahi, apande letu."

Nilicheka. Miaka thelathini nimeshika funguo za ukoo huu na hakuna aliyewahi kunikuta mlango wazi. Nilimpa mkono hapo hapo, mbele ya watu. Shimba alinitazama kama mtu aliyekwishapewa alichoomba.

Siku ya harusi niliamka mapema, nikavaa gauni langu la kijani, ufunguo nikautia kifuani. Selina alikuwa chumbani anapambwa. Shimba alikuwa uani na suti yake ya rangi ya majivu, amelifunga Benzi utepe mweupe kuanzia puani mpaka kwenye vioo, amewasha injini ipate moto vizuri. Alikuwa anafuta kitu kisichoonekana kwenye kioo cha mbele. Nilimwita kama tunavyowaita wanaume wa kwetu, "Ngosha, utatoboa," akacheka meno yote nje. Sikumbuki lini nilimwona anacheka hivyo.

Nikaweka kiti ukumbini, hatua mbili kutoka mlangoni. Kufunga mapema ni woga, shangazi mzima hufunga wageni wakiwa getini, wauone mlango unavyojifunga. Wenzangu wakaketi mikekani, chai ikaja, maandazi yakaja. Nikatega sikio. Nilisikia bodaboda zikipanda, nikasikia lori la mchanga, nikasikia kwa mbali matarumbeta yakijipima huko barabara kuu. Mmoja akaniuliza kama si bora nifunge tu. "Kunywa chai yako," nikamwambia. "Mimi nitawasikia wakiwa bado stendi."

Nikachukua andazi la tatu.

"Hodi, wenyewe," sauti ikasema. "Au hapa mnakula bila kukaribisha?"

Agutu alikuwa amesimama katikati ya zulia letu, gauni la zambarau, mkoba mkononi, na nyuma yake watu wanne wakivua viatu kwa ustaarabu.

Nataka uelewe ukubwa wa ujinga wangu. Ni mimi niliyepanda lile gari. Ni mimi niliyesimama mbele ya kamati nzima nikatangaza kwa mdomo huu kwamba halisikiki kabisa. Na ni mimi, wiki moja baadaye, niliyekaa kwenye kiti natega sikio nilisikie. Agutu aliyaacha matarumbeta barabara kuu, akapandishwa kilimani kimya kimya, wakashuka, wakasalimiana na majirani, akaingia kwa miguu yake. Ufunguo ulikuwa bado kifuani pangu, umepata joto bure.

Mashangazi wenzangu, badala ya kunionea huruma, walicheka. Mmoja alilala chali mkekani. Sasa hivi nacheka pia, na nimeisimulia mwaloni mpaka wateja wananiita Shangazi Hodi. Lakini saa ile sikucheka. Nilitoka uani.

Shimba alikuwa amekwishajua. Aliinama ndani ya Benzi, akazima injini, na ule uwanja ukawa mtupu ghafla. Akaanza kufungua utepe, taratibu, akiukunja kiganjani ili usichafuke. Niliumia. Mdogo wangu alikuwa na ombi moja duniani, na mimi nililikalia nikila andazi. Nikamwambia anisamehe. "Si neno, dada," alisema. "Nitapanda basi la ndugu." Hakuniangalia.

Okal alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba na suti yake nyeusi. Sijui alikuwepo tangu saa ngapi. Alikwenda kwa kaka yake, akamwomba kadi ya gari, maana lile gari halina ufunguo, lina kadi kama ya benki. Akarudi nayo kwa Shimba, akaishika kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama wanavyofanya vijana waliolelewa.

"Baba," alisema, "tupeleke wewe."

Agutu aliruka. "Okal! Mkwe wetu awe dereva wetu? Umeona wapi?"

"Shangazi, ulisema apande gari letu," Okal akajibu, na ndiyo sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia akisema. "Atapanda gari letu. Dereva hukumtaja, wala shangazi Paskazia hakumtaja, wala kamati haikumtaja."

Agutu akahamisha mkoba mkono wa pili. Mtu wa sheria akikamatwa kwa sheria anajua.

Shimba mwenyewe ndiye aliyekataa. Alisema hajui kuendesha jokofu. Alisema atalikwaruza, atalirusha ziwani, ataaibisha familia mbili. Alikuwa bado anahesabu maafa wakati Selina alipotokea mlangoni amevaa gauni lake jeupe, na mtoto alikuwa amependeza kupita kiasi. "Baba," alisema, "twende."

Basi akapokea ile kadi. Halafu akafanya jambo ambalo Evelina hadi leo anasema aliota. Akatoa ufunguo wa Benzi mfukoni, akampa Owiti. Mikono ya mtu mwingine haijawahi kugusa ule usukani tangu meneja aondoke. "Utatangulia na bwana harusi," akamwambia. "Usikanyage kama unaua nyoka."

Owiti aliusoma ule ufunguo kama barua. Alisema tangu aanze kazi ya magari hajawahi kuendesha silinda nane, na alivyowasha tu, akapiga yowe la furaha na kusahau kabisa kwamba anatoka Dar.

Sisi tukaingia kwenye la umeme. Shimba usukanini, mimi pembeni yake, nyuma Selina katikati ya msimamizi wake na Agutu. Shimba akarekebisha kioo, akashusha pumzi, akangoja.

"Washa basi," nikamwambia.

"Limeshawaka, baba," Selina akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipokaa."

Akagusa mafuta, nasema mafuta kwa mazoea, na gari likaruka. Mbuzi wa jirani wakatawanyika. Nikapiga yowe, Agutu akapiga makofi, Shimba akakanyaga breki na tukainamiana wote kama tunasali. Mara ya pili alitia mguu kama mtu anayejaribu maji ya moto. Mara ya tatu likateleza. Niliuona uso wake ukibadilika. Kilima kile cha mawe, ambacho amekishuka maelfu ya mara akikibembeleza kwa gia, alikishuka bila kelele hata moja, na chini kabisa akasema peke yake, "Aisee."

Tatizo likawa watu. Mbele Benzi linanguruma, wanaliona, wanakaa pembeni, halafu wanarudi katikati ya njia wakidhani msafara umekwisha, kumbe sisi tuko nyuma yao kimya. Honi Shimba alisita kuipiga, hakutaka kuwasha kitu kingine asichokijua kwenye kile kioo. Nikateremsha dirisha, nikatoa kichwa na mkono, sheria zake zote nikazitupa huko, nikapiga vigelegele kuanzia Buzuruga mpaka Mabatini. Injini ya gari ilikuwa mimi. Wauza nyanya wakapokea, bodaboda zikapokea, na Agutu akateremsha dirisha la upande wake akajibu. Kwa mara ya kwanza tangu tujuane tulikuwa upande mmoja, na nakiri kwamba yule mwanamke ana kifua kuliko mimi.

Tulipopita mjini sauti ilikuwa imenikauka. Nikapandisha kioo, Agutu naye akapandisha, na ukimya ukatuingia wote. Ziwa likatokea kushoto, linang'aa. Hapo ndipo nilipomsikia mtu anaongea.

Alikuwa Shimba. Macho mbele, mikono miwili kwenye usukani, anasema kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayesoma kitu anachokijua kwa moyo. "Bwana, huyu ni mtoto wa mtu. Anakotoka alipendwa, anakokwenda apendwe. Akiunguza mboga, waile wakicheka. Akichelewa, asubiriwe. Akiugua, awepo wa kumshika mkono. Ukimpa watoto, umpe na usingizi. Siku akikumbuka kwao, asikatazwe njia. Bwana, huyu ni mtoto wa mtu, huyu ni mtoto wa..." Akakwama hapo. "Huyu ni wangu," alisema.

Agutu akainama mbele asikie.

"Baba," Selina akasema, "unaongea na nani?"

Shimba alishtuka mpaka gari likayumba. "Mnanisikia?"

"Tunakusikia vizuri," nikasema. "Humu hamna injini ya kukuficha."

Nikamwona mdogo wangu, mwenye miaka sitini na mbili, anaona haya kama kijana. Alisema huwa anawasemea. Wote. Kila bibi harusi aliyewahi kumbeba, njia nzima, kuanzia mlangoni kwao mpaka kanisani, na Benzi lilikuwa likinguruma kiasi kwamba hajawahi kuulizwa. Mabinti wa watu zaidi ya mia nne.

"Na mimi nimekupigania Benzi wiki mbili," nikamwambia. "Nimegombana na mama wa watu."

"Dada, mimi sikusema nataka Benzi. Wewe ndiye uliyesema. Mimi nilisema nitambeba." Akapangusa jicho kwa mgongo wa mkono. "Madereva ni wazuri, wanajua njia. Ila sikumjua hata mmoja anayewasemea. Wale wawili wakubwa walikwenda bila kusemewa na mtu, mimi niko kwenye basi nyuma. Sikutaka na huyu."

Nililia, na sikujificha. Msimamizi alikuwa anampangusa Selina chini ya macho kwa karatasi laini, akimwambia asiharibu wanja, huku wanja wake mwenyewe umefika mashavuni.

"Anza mwanzo, baba," Selina akasema. "Safari hii kwa sauti."

Akaanza mwanzo, kwa sauti. Mwisho wa kila neno sisi tulijibu amina, na amina ya Agutu ilitangulia zote. Tulipofika kwenye kiplefti cha mwisho kabla ya kanisa, Benzi lilinyoosha likaenda na bwana harusi wake, matarumbeta yakalipokea. Shimba hakunyoosha. Alikuwa bado yupo kwenye watoto na usingizi. Akakizunguka kiplefti, akakizunguka tena, kimya kimya, trafiki akitutazama, akakizunguka mara ya tatu mpaka alipomaliza yote. Padri alisubiri.